Karatasi Hufa Kabla ya Ujuzi

Muuguzi aliyetumika wodini miaka sita, kisha akakaa nyumbani kumi na miwili akilea, hajasahau kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Akishika mkono ule, vidole vyenyewe vinajua pa kwenda. Kitakachomkwamisha siku anapotaka kurudi, awe Wote kule Makueni au Kitui mjini, ni leseni iliyokwisha muda, akaunti ya ushuru aliyoisahau, mkopo wa chuo ambao haukumalizwa kulipwa, na barua ya kuacha kazi ambayo pengine hakuwahi kuiandika. Katika shughuli yangu ya kushauri watu kuhusu ajira naona wengi wakianza na mambo ya mwisho: nguo ya usaili, picha mpya ya pasipoti, mtu wa kuwaombea kwa mkubwa fulani. Mimi huwauliza kwanza faili zao ziko katika hali gani.

Swali hilo huwaudhi, na ninawaelewa. Mtu ametoka kwenye miaka ya kubeba watoto na kugeuza wagonjwa kitandani. Anachotaka kusikia ni kwamba bado anaweza. Anaweza. Kwangu hilo halina mjadala, ndiyo maana silipotezei muda.

Pengo hili la kazi Ukambani lina historia yake. Kwa vizazi kadhaa wanaume wa Kitui na Machakos (Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hadi 1992) walikwenda jeshini, polisi, reli, bandari ya Mombasa na viwanda vya Nairobi. Wanawake wakabaki na shamba, mifugo, watoto na wazee. Matuta ya kuzuia mmomonyoko unayoyaona katika milima ya Mbooni na Kilungu yalichimbwa kwa sehemu kubwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, na waliobeba majembe wengi wao walikuwa kina mama. Binti zao wakaenda vyuoni, wakawa walimu, wauguzi na wahasibu, lakini nyumbani mgao wa kazi haukubadilika sana. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba mwanamke nchini hutumia takriban saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa, mwanamume chini ya saa moja. Basi mama mkwe akipatwa na kiharusi kule Ikutha, familia haikai kikao kuamua nani ataacha kazi. Linajulikana.

Sheria nayo haikuwa na huruma. Kabla ya Sheria ya Ajira ya 2007, likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili, na aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Sasa ni miezi mitatu yenye mshahara kamili, likizo ya mwaka haiguswi, na baba anapewa wiki mbili. Sheria ya Pensheni iliweka hata kiinua mgongo cha ndoa kwa mwanamke wa utumishi wa umma anayeacha kazi kwa sababu ya kuolewa: serikali ilitarajia aondoke, ikamwandalia nauli kabisa. Wengi wanaobisha hodi leo wakiwa na miaka arobaini na kitu walianza kazi wakati fikra hizo zilikuwa bado nzito ofisini.

Haya, tuingie kwenye faili.

Jambo la kwanza ni namna ulivyoondoka. Kuna aliyeandika barua, akatoa notisi, akakabidhi vitu vya ofisi na kupewa cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kutoa cheti hicho kwa kila aliyemfanyia kazi kwa zaidi ya wiki nne, kikionyesha tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi. Kama hukukichukua, kidai sasa, hasa ikiwa shule au hospitali ile ya binafsi ingali wazi na mwenyewe angali anakukumbuka. Kuna mwingine aliyeomba likizo bila malipo, likizo ikaisha, akanyamaza. Na kuna aliyeacha tu kwenda, kwa kuwa mtoto alikuwa mgonjwa na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria barua.

Hawa wawili wa mwisho, machoni pa rekodi, ni watoro. Kwa mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kutoroka kazi ni kosa la kinidhamu. Kesi yaweza kusikizwa bila yeye kuwapo, na adhabu ya juu kabisa ni jina kufutwa katika sajili ya walimu. Aliyefutwa haruhusiwi kufundisha popote nchini, hata katika shule ya binafsi iliyo ndani ya kichochoro. Halafu kuna mishahara iliyoendelea kuingia benki mwezi mmoja au miwili baada ya mtu kuondoka. Hilo ni deni, nalo hudaiwa. Kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya kwenda ofisi ya mkurugenzi wa TSC wa kaunti, na ombi liwe kwa maandishi: hali ya usajili wangu ni ipi, niliondoka kwa rekodi gani, nadaiwa nini. Nambari ya TSC hubaki ileile. Kinachoweza kuwa kimebadilika ni kile kilichoandikwa mbele yake.

Kwa watu wa afya kuna kigingi kingine ambacho wengi hawakitarajii. Huduma nyingi za afya zilihamia kaunti mwaka 2013. Aliyeacha wodi mwaka 2010 alimwacha mwajiri mmoja, Serikali ya Kitaifa. Anayemwendea leo ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, mwajiri mwingine kabisa. Rekodi yake ya zamani iko Nairobi, kazi mpya iko Wote. Asidhani atarudi kwenye daraja lake la zamani kwa sababu tu anakumbukwa na wahudumu wa zamani wa zahanati. Ataomba kama mwombaji mpya, na miaka yake sita ya mwanzo itahesabiwa ikiwa ana karatasi za kuithibitisha.

Kuhusu leseni, tutofautishe mambo mawili. Usajili wa muuguzi na leseni yake ya kuhudumu ni vitu tofauti. Leseni huhuishwa kwa Baraza la Wauguzi, na kuihuisha kunategemea pointi za mafunzo ya kuendeleza taaluma. Kuhudumu bila leseni hai ni kosa kisheria, hata kama ni zamu mbili za kumsaidia rafiki mwenye kliniki Makindu. Kwa hiyo anayetaka kurudi huwasiliana na Baraza mapema, huuliza anadaiwa ada gani za nyuma na anahitaji pointi ngapi, kisha huanza kuzikusanya. Sehemu ya mafunzo hayo sasa hupatikana mtandaoni. Lakini mimi hupendelea mtu aende akaketi katika vikao vya mafunzo vya hospitali iliyo karibu naye. Ukiwa upande wa Muthale au Mutomo, hospitali za misheni za huko zimezoea wauguzi wa kila namna, na matroni akikuona umekaa kimya na daftari wiki kadhaa mfululizo anajua unachotafuta bila kuambiwa.

Utakachokikuta humo ndicho cha kukufanyia kazi. Aliyeondoka 2010 anarudi kwenye kliniki ya watoto yenye chanjo ambazo hakuwahi kuzitoa: ya nimonia iliingia 2011, matone ya rota 2014, na ya HPV kwa wasichana wa miaka kumi mwaka 2019. Kina mama walianza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma Juni 2013. Makueni ikaanzisha mpango wake wa afya kwa wote mwaka 2016, kila familia ikilipa Sh500 kwa mwaka, na watu wa mbali wakaja kuusoma. Oktoba 2024 bima ya NHIF ikaondoka, ikaja SHA, na madai ya malipo yakahamia kwenye kompyuta. Mgonjwa ni yuleyule, mshipa ni uleule. Ila muuguzi wa leo hutumia sehemu ya zamu yake akiwa ameinamia skrini, na jopo la usaili litataka kujua kama unaiogopa.

Uingereza wamelipanga jambo hili wazi zaidi. Muuguzi asiyefikisha saa 450 za kazi katika miaka mitatu hurudi kwa kozi maalumu au mtihani, na njia hiyo inajulikana na kila hospitali. Huko India, kundi la kampuni za Tata lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwarudisha wanawake waliosimama kazi. Mwaka uleule benki ya Goldman Sachs ya Marekani ikafungua wa kwake. Mipango ya kampuni kubwa za mjini haimfai sana mtu wa Kathonzweni. Mfano wa wauguzi wa Uingereza ndio ningeuchukua: kaunti inayolalamika kuwa haina wahudumu wa kutosha ingeweza kabisa kutenga wodi moja na miezi mitatu kwa wanaorudi.

Mwalimu ana mlima tofauti. Tuseme aliondoka 2012, akiwa na cheti cha ualimu cha P1, akifundisha darasa la saba karibu na Mwingi. Mtihani aliokuwa akiwaandalia wanafunzi wake, KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Darasa la saba limekuwa gredi ya saba, ni sekondari msingi, na tangu Januari 2023 limekaa ndani ya uwanja wa shule ya msingi likiwa na walimu wake. Vyuo vya ualimu vilianza mwaka 2021 kuchukua wanafunzi wa stashahada badala ya P1, na wenye P1 wakawekewa kozi ya kupanda hadi kiwango hicho. Tangu 2016 kuna TPAD, tathmini ya utendakazi ambayo mwalimu hujijazia kisha msimamizi wake akaipitia.

Yote hayo husikika mazito hadi ufungue kabrasha lenyewe. Chukua muundo wa mtaala wa Kiswahili uliotolewa na taasisi ya KICD, ambao unapatikana bure kwenye tovuti yake. Ukurasa umegawanywa safu: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji zinazopendekezwa, na mwisho maswali dadisi. Chini yake kuna jedwali la tathmini, ambamo mwanafunzi hapewi arubaini kwa mia. Anaelezwa kuwa anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia, au yuko mbali nayo. Mwalimu wa zamani akikaa na ukurasa huo asubuhi moja atatambua nusu yake. Maazimio ya kazi na andalio la somo yamo humo, yamevikwa nguo nyingine. Kilicho kipya kweli ni tathmini ya mwaka mzima na kazi za mikono ambazo wazazi walizilalamikia sana zilipoanza. Na hapo mama aliyekaa nyumbani ana jambo ambalo mwenzake aliyebaki kazini huenda hana: alikuwa upande wa pili. Ndiye aliyetafuta maboksi usiku ili mtoto atengeneze kielelezo cha nyumba. Sijui kwa nini wanaorudi hulificha hili mbele ya jopo.

Sasa foleni ya TSC. Watu huiogopa bure, au huiamini bure, kwa kuwa hawasomi jedwali la alama. Katika kuajiri, Tume imekuwa ikimpa alama zaidi mwenye kuhitimu zamani na kukaa muda mrefu bila kazi. Kwa hiyo yule aliyemaliza chuo 2009 akaolewa kabla ya kuajiriwa anaweza kuwa mbele ya kijana wa juzi. Lakini matangazo ya Tume vilevile yamekuwa yakisema kwamba kipaumbele ni cha wasiowahi kuajiriwa nayo. Aliyekuwa na ajira ya kudumu akaiacha, hata kwa barua nzuri, anasimama nyuma ya asiyewahi kuonja. Mimi naliona hili si haki kwa mtu aliyeacha kwa ajili ya ulezi, hasa mwanamke, na ningependa wabunge wa Kitui na Makueni waliulize. Kwa sasa ndivyo lilivyo, na linabadilisha ushauri: mtu huyu asiweke mayai yote kwa Tume. Kuna shule za binafsi, kuna bodi za shule zinazoajiri walimu wa muda, na kuna elimu ya awali ambayo Katiba iliiweka chini ya kaunti, na walimu wake huajiriwa na kaunti. Kuna pia ajira ya uanagenzi ya TSC, ambayo katika sekondari msingi imekuwa ikilipa Sh20,000 kwa mwezi.

Wahasibu nisiwasahau, ingawa yao ni mafupi. Aliyeachia CPA njiani akumbuke kuwa usajili wa mwanafunzi wa KASNEB, bodi ya mitihani hiyo, hulipiwa kila mwaka, na uliolala huamshwa kwa kulipia. Mtaala ulibadilishwa 2021, kwa hiyo aulize karatasi zake za zamani zinahesabiwaje katika mpangilio mpya kabla ya kununua kitabu chochote.

Tukiacha taasisi za kitaaluma, kuna karatasi zinazomhusu kila mtu. Tangazo la kazi ya kaunti kwa kawaida hutaja cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, kibali cha tume ya kupambana na ufisadi (EACC), cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HELB), cha taasisi za kukagua madeni, na cha kutii ushuru. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yalimzuia mwajiri kudai vyeti hivi kwa kila mwombaji. Adai kwa yule tu anayekusudia kumpa mkataba. Hilo limepunguza gharama, halijaondoa tatizo. Ukipata kazi leo na ukaambiwa ulete vyeti ndani ya siku chache, ndipo utakapogundua kilichojificha.

Kwanza, ushuru. Ukishakuwa na PIN ya KRA, hata usipopata hata shilingi, unatakiwa kuwasilisha taarifa kila mwaka kufikia Juni 30. Tangu 2018 faini ya mtu binafsi anayechelewa ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, inayozidi. Miaka mitano ya kunyamaza ni Sh10,000 kwa kutokuwa na kipato! Kulikuwa na msamaha wa faini kwa vipindi vya hadi Desemba 2023, na walengwa walikuwa pamoja na watu wasiodaiwa ushuru wenyewe, kwa hiyo fungua akaunti uangalie kwanza kabla ya kuanza kukopa. Taarifa ambazo hazikuwasilishwa bado zitahitajika. Na neno kuhusu kijana wa saiba: atakujazia sufuri bila kukuuliza, kwa kuwa ndiyo haraka. Kama ulikuwa na nyumba ya kupangisha Emali au duka linaloingiza pesa, sufuri si kweli, na saini ni yako.

Pili, HELB. Aliyesomea chuo kikuu kwa mkopo hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, awe na kazi au hana. Sheria inaruhusu faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi wa kutolipa. Piga hesabu ya miaka kumi: Sh600,000, zaidi ya mkopo wenyewe mara kadhaa. Bodi imewahi kutangaza misamaha ya sehemu kubwa ya faini kwa wanaolipa kwa mkupuo, na anayelipa kidogo kidogo kwa makubaliano anaweza kupata cheti cha kuonyesha kuwa anatii. Anayeumia ni asiyejibu barua. Kama ungali nyumbani na hujarudi kazini, waandikie leo uwaambie hali yako.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye wasifukazi. Makosa niyaonayo ni mawili: kuacha shimo kati ya 2012 na 2024 kana kwamba msomaji hajui kuhesabu, au kulijaza kwa maneno ya kupaka rangi, "meneja wa kaya" na mfano wa hayo. Watu wa bodi hucheka. Andika ukweli kwa mistari mitatu. Kwa mfano:

2012 hadi 2024: Malezi ya watoto na utunzaji wa mzazi mgonjwa, Kibwezi.
Mhazini wa kikundi cha akina mama. Kuweka hesabu za michango na mikopo ya wanachama, na kuandaa ripoti ya mwaka.
Mwakilishi wa wazazi katika bodi ya usimamizi ya shule ya msingi.

Basi. Kazi ya mhazini wa chama ni kazi, lakini iandikwe kama unaweza kuithibitisha: daftari lipo, mwenyekiti yupo, benki inajua saini yako. Kama hukuwa mhazini usiwe mhazini kwenye karatasi. Kitui na Makueni si kubwa kiasi cha mtu wa jopo kukosa shangazi katika kikundi chako.

Swali litakuja tu. "Madam, hapa naona miaka kumi na miwili?" Jibu lisizidi sentensi mbili: nililea, nikamwuguza baba hadi alipofariki, sasa watoto wako shule na leseni yangu nimeihuisha mwezi wa tatu. Kisha nyamaza. Wanaoharibu usaili ni wale wanaoanza kusimulia mume alisema nini, daktari alisema nini, hadi jopo linaona aibu kumkatiza. Kukiwa na anayeuliza watoto utamwachia nani, jua kwamba Katiba katika kifungu cha 27 na Sheria ya Ajira katika kifungu cha 5 zinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito na hali ya ndoa. Sikushauri umtajie vifungu akiwa amekukalia mbele. Mwambie kuwa umejipanga, rudisha mazungumzo kwenye kazi, kisha uandike swali hilo kwenye daftari ukitoka. Kwa uamuzi wa bodi ya kaunti usioridhika nao, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 77, inakupa njia ya kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na rufaa hupenda tarehe na maneno kamili.

Kuhusu kujitolea kwanza bila malipo ili "uonekane": mwezi mmoja au miwili, kwa barua inayosema unafanya nini na mwisho wake ni lini, inasaidia. Bila barua ni utumwa wa hiari, na ukimaliza huna hata cha kuambatanisha. Na anayekuambia nafasi ina bei, hata awe jamaa wa kanisani, atachukua pesa zako na nafasi itatolewa palepale ambapo ingetolewa.

Umri nao huwatisha watu kupita kiasi. Tangu 2009 utumishi wa umma hustaafu kwa miaka 60, si 55 tena. Mwenye miaka 42 ana miaka kumi na minane mbele yake, mingi kuliko aliyokaa nyumbani. Mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma, ulioanza Januari 2021, ni wa kuchangia: akiba ni yako na inajengwa kuanzia mwezi wa kwanza. Waliozoea habari za pensheni ya zamani, ambayo ilidai angalau miaka kumi ya utumishi, waulize upya.

Payslipu ya kwanza itakushangaza. Mwaka 2012 NSSF ilikata Sh200 na NHIF haikuzidi Sh320. Leo, kwa mshahara wa Sh40,000 katika shule ya binafsi au hospitali ya misheni, NSSF ni asilimia 6, yaani Sh2,400; bima ya afya asilimia 2.75, Sh1,100; ushuru wa nyumba asilimia 1.5, Sh600. Hizo ni Sh4,100 kabla ya ushuru wa mapato kuguswa. Ondoa mshahara wa yaya. Ondoa nauli: barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui imefanya kazi za mbali ziwezekane, lakini matatu bado inataka pesa asubuhi na jioni. Kwa mwanagenzi wa Sh20,000 hesabu hiyo yaweza kubaki karibu na sufuri mwaka wa kwanza, na wapo watakaosema heri kukaa. Mimi nasema mwaka huo ni ada ya kurudi, ulipwe na nyumba nzima. Mume ajue ni siku zipi atapika na nani atampeleka mzee kliniki, na yajulikane kabla barua ya ajira haijafika, kwa kuwa baada ya hapo kila mtu atadai kuwa hakuambiwa.

Kuhusu wakati wa kuanza: mwaka wa fedha wa kaunti hufunguliwa Julai 1, na bajeti mpya ndiyo inayoipa bodi uwezo wa kutangaza nafasi. Tangazo likitoka, siku za kuomba huwa chache, nazo huliwa na foleni za Huduma Centre na mtandao unaokatika. Anayetaka kulishika aende TSC au aandikie Baraza lake Januari, awe amekusanya pointi na kulipa ada za nyuma kufikia Mei, na taarifa za ushuru aziwasilishe kabla ya ile wiki ya mwisho ya Juni ambapo nchi nzima huwa imejazana kwenye tovuti moja.